Yadi Moja, Mikono Mingapi?

Mpwa wangu anatunza farasi Karen, Nairobi. Alitoka Tanga kijana wa kubahatisha, akaanzia kusafisha mabanda na kubeba majani, na sasa anaaminiwa kuwatembeza farasi ambao akiuzwa mmoja tu mimi najenga nyumba na chenji inabaki. Hivi karibuni alinitumia ujumbe: "Shikamoo Mjomba. Huku kuna ubishi. Kaletwa farasi mpya, kaandikwa hendi 15.3. Simu inasema hiyo ni yadi 1.7, mzee wa hapa anasema simu imechemsha. Wewe ni mtu wa vitambaa, yadi unazijua. Nani mkweli?"

Mzee ndiye mkweli. Lakini jibu la maneno matatu lingemwacha kijana na namba isiyo na kichwa wala miguu, na mimi mambo ya vipimo ukinigusa sinyamazi. Nimekulia chini ya meza ya kukatia nguo, nikiokota mabaki ya vitambaa na kusikia watu wazima wakigombana kuhusu inchi mbili. Basi nikamwandikia marefu, na hapa nayarefusha zaidi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Hendi, kipimo cha kimo cha farasi, ni inchi 4 kamili. Yadi ni inchi 36. Kwa hiyo yadi moja ni hendi 9. Ukitoka kwenye yadi zidisha kwa 9, ukirudi gawa kwa 9. Kwa sentimita, hendi ni 10.16 na yadi ni 91.44.

Kinachowavuruga watu ni ile nukta. Kwa watu wa farasi, 15.3 si kumi na tano na sehemu tatu za kumi. Ni hendi 15 na inchi 3. Hendi ina inchi nne, kwa hiyo baada ya 15.3 inakuja 16 moja kwa moja. Hakuna 15.4, kama ambavyo hakuna saa saba na dakika sitini. Simu ya mpwa wangu haikujua desturi hiyo, ikachukua 15.3 ikagawa kwa 9 ikapata 1.7. Fanya kwa inchi uone: 15 mara 4 ni 60, jumlisha 3 unapata 63, gawa kwa 36 unapata yadi 1.75. Kwa sentimita ni 160.02, wakati simu ilikuwa inamaanisha kama 155 na nusu. Sentimita nne na ushee zimepotea kwa sababu ya nukta.

Utasema sentimita nne kwa mnyama mkubwa vile ni nini. Kwa farasi ni nyingi. Kuna mpaka unaojulikana dunia nzima, wa kumtenganisha poni, yaani farasi mfupi, na farasi kamili, na kwa jadi ya Waingereza mpaka huo ni hendi 14.2, yaani inchi 58, sentimita 147 na kidogo. Shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, limeuweka kwa sentimita: 148 bila viatu vya chuma, 149 akiwa amevishwa. Mnyama akizidi hapo haruhusiwi kwenye mashindano ya poni hata akiwa na sura ya poni na tabia ya poni. Watoto wanaopanda poni wana wazazi wenye pesa, na poni aliyegusa mpaka bila kuuvuka ana bei yake, kwa hiyo sentimita moja ina watu wanaoitetea kwa nguvu zote.

Nilimuuliza mpwa wangu wanapimaje, akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Farasi anasimamishwa kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, maana kwenye mchanga kwato zinazama. Miguu ya mbele inapangwa sambamba. Kuna fimbo ndefu yenye alama, na juu yake mkono wa kuteleza uliofungwa pima maji ile ile ya waashi, ili usilale upande. Mkono ule unashushwa mpaka utue pale shingo inapoishia na mgongo unapoanzia, kwenye kile kinundu cha juu ya mabega. Kichwani hapimwi, kwa sababu kichwa cha farasi hakitulii: sasa kiko juu ya ukuta, sasa kiko kwenye ndoo. Kile kinundu ndicho mahali pa juu kabisa pasipocheza. Halafu mnasubiri ashushe pumzi. Farasi mwenye hofu hujikaza akaongezeka, kwa hiyo mpimaji mwenye busara kwanza anamwacha azoee fimbo, ainuse, ailambe hata.

Hendi ilitoka wapi? Ni mkono wa mtu kweli, lakini si wote. Ni upana wa kiganja vidole vikiwa vimebanwa, pamoja na kidole gumba. Mtu asiye na fimbo anasimama karibu na mguu wa mbele wa farasi na kupanda navyo, kiganja juu ya kiganja, mpaka afike begani. Kwa muda mrefu kila mnunuzi alipima kwa mkono wake. Uingereza waliugandisha kwenye inchi nne katika enzi ya Mfalme Henry VIII, kwa sheria ya mwaka 1540, na aliyetaka hivyo hakuwa mtaalamu wa vipimo. Alikuwa mfalme anayetaka farasi wakubwa wa vita, amechoshwa na madume mafupi yaliyoachwa kuzurura kwenye malisho ya wote na kuzalisha vifupi vyenzie. Sheria ikataka madume yafike kimo fulani, na ukishasema kimo mahakamani mtu wa kwanza atauliza: kwa mkono wa nani?

Yadi nayo ina hadithi ya mwili. Husimuliwa kwamba ni umbali kutoka pua ya Mfalme Henry I hadi ncha ya kidole gumba chake akiunyoosha mkono. Sina haja ya kuiapia, ila kila muuza vitambaa mzee unayemjua anapima hivyo hivyo akiwa mbali na fimbo yake: anashika ncha ya kitambaa, anaivuta hadi puani, kichwa amekigeuza kidogo, na anakaribia yadi kwa tofauti ya nusu inchi. Nimewaona wakifanya huku wanazungumza na mteja mwingine.

Baadaye yadi ikawa fimbo ya shaba iliyotunzwa Bungeni London, na bahati mbaya Bunge likaungua, tarehe 16 Oktoba 1834, na yadi nayo ikaharibika. Fikiria taifa la wauza nguo linaamka asubuhi halina yadi. Ilichukua miaka kutengeneza nyingine ya shaba nyeusi, ikahalalishwa 1855, na safari hii nakala zikatawanywa, moja wakaizika kwenye ukuta wa Bunge jipya. Wananchi nao waliwekewa vipimo vya wazi, pale Greenwich kwenye ukuta wa kituo cha kutazamia nyota na katika uwanja wa Trafalgar, ili mwenye mashaka na fimbo yake aende akailinganishe. Hata hivyo yadi ya Marekani na ya Uingereza hazikulingana sawasawa mpaka tarehe 1 Julai 1959, nchi sita zilipokubaliana kwamba yadi ni mita 0.9144 kamili. Tangu siku hiyo yadi haina tena fimbo yake, ni mtoto wa mita. Na hendi, kwa kuwa imefungwa kwenye inchi, ikaburutwa humo humo.

Sasa njoo kwetu pwani, ambako hesabu inabadilika kabisa.

Mpwa wangu angemuuliza babu yake yadi moja ni mikono mingapi, angejibiwa bila kufikiri: miwili. Na angekuwa sahihi. Mkono wa pwani, ambao wenye kupenda Kiarabu waliuita dhiraa, unaanzia kwenye kiwiko na kuishia kwenye ncha ya kidole cha kati. Ni inchi 18 hivi. Kuna na mkono konde, unaoishia kwenye vifundo vya ngumi iliyofumbwa, ambao ni mfupi zaidi, na mtu akikuuzia kitu kwa mikono ni vizuri ujue mapema kama amekunjua vidole au amefumba. Chini ya mkono kuna shibiri, kutoka gumba hadi kidole cha mwisho viganja vikitanuliwa, na mbili zinafanya mkono. Kuna futuri, gumba hadi kidole cha shahada. Juu yake kuna wari, ambayo ndiyo yadi, mikono miwili. Na kuna pima, mtu akitandaza mikono yote kama anataka kumkumbatia jirani mnene: mikono minne, yadi mbili. Mabaharia walitia bildi baharini na kuhesabu kina kwa pima, na wachimba visima vivyo hivyo ardhini.

Kwa hiyo mkono mmoja wa pwani ni hendi nne na nusu za farasi. Ukichanganya viwili hivi unapata vichekesho. Biblia ya Kiswahili inasema Goliathi alikuwa na urefu wa mikono sita na shibiri moja. Kwa mkono wa kiwiko hizo ni inchi 117, karibu mita tatu, jitu la kutisha jeshi zima. Mpe mtambo wa kubadili vipimo, aweke hendi mahali pa mkono, na Goliathi anatoka na inchi 33. Huyo Daudi hakuhitaji kombeo, angemshika kola.

Yule farasi wa Karen, kwa upande wake, anaingia kwenye vipimo vyetu kana kwamba alizaliwa Pangani. Inchi zake 63 ni shibiri 7 kamili, au mikono mitatu na nusu. Nilipomwandikia hivyo mpwa wangu alijibu kwa vicheko na akaenda kumpima kwa shibiri zake. Alipata saba na vidole viwili, kwa sababu mikono yake ni midogo kidogo.

Hapo kwenye vile vidole viwili ndipo biashara yote ya pwani ilipokuwa.

Karne ya 19 kitambaa kilikuwa fedha. Karavani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilibeba mizigo ya nguo na shanga, na kila ilipopita ililipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa mtawala wa mahali, ikanunua chakula, ikalipa wapagazi. Kitambaa kilichopendwa kuliko vyote kilikuwa merikani, pamba nzito isiyotiwa rangi, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilitoka Marekani, kwenye viwanda vya Massachusetts, na ililetwa Unguja na wafanyabiashara wa bandari ya Salem. Sultani Sayyid Said aliweka mkataba na Marekani mwaka 1833, na 1837 konseli (balozi mdogo) wao wa kwanza, Richard Waters, alikuwa amekwisha fika kisiwani na kuanza biashara zake. Merikani ilitawala mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilipokata pamba na nguo za Uingereza na India zikapata nafasi. Jina likabaki hata kwenye nguo ambazo hazikuwahi kuiona Marekani.

Kiwanda kule kilipima kwa yadi. Nguo ikafungwa kwa jora, la yadi 30 hivi. Ikifika huku ikawa inatoka kwa mikono: mikono minne ni shuka moja, yaani yadi mbili, mikono minane ni doti, yadi nne. Doti hiyo ndiyo bibi yake doti ya leo unayoisema dukani ukinunua kanga mbili zilizoungana. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyekwenda Ziwa Tanganyika kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba jora liliweza kuwa doti 7 hadi 11. Soma tena hiyo. Kati ya yadi 28 na yadi 44, na yote yanaitwa jora moja.

Sasa weka hesabu ya mikono. Chukua mtu mfupi ambaye kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole ana sentimita 44, na mrefu mwenye 50. Kwenye mkono mmoja tofauti ni sentimita sita, si kitu. Kwenye doti, mikono minane, mmoja anatoa sentimita 352 na mwingine 400. Ni sentimita 48, zaidi ya mkono mzima umeondoka kwenye doti moja, na karavani kubwa ilibeba maelfu ya doti. Mwenye nguo anataka mpimaji mfupi. Mwenye kupokea hongo anataka ndugu yake yule mrefu aitwe, hata kama yuko shamba. Hapo "mkono wa nani" si fumbo la kuchekesha watoto, ni mjadala unaoweza kuifunga njia siku tatu. Na tajiri wa Unguja aliyenunua kwa yadi za Salem na kumkopesha msafiri kwa mikono ya Bagamoyo alikuwa amekaa mahali pazuri sana, kwa sababu palipo na vipimo viwili vya kitu kimoja, nafasi ya katikati huwa ina mwenyewe.

Ndiyo maana siwaamini wanaosema vipimo vya mwili vilikuwa vya kubabaisha, vya watu wasiojua hesabu. Watu walijua hesabu vizuri mno. Walijua mkono haulingani na mkono, wakajua nani anafaidika, na kila jamii ikatafuta namna yake ya kulimaliza. Waingereza walitumia mfalme na shaba nyeusi. Sisi tulikuwa na njia nyingine, na naiona ni ya akili zaidi.

Aliyesoma chuo cha dini pwani anakumbuka mlango wa maji, yaani sura inayohusu usafi wa maji. Katika madhehebu ya Shafii, maji yakifika kulla (mitungi mikubwa) mbili, kullatain, hayanajisiki kwa kuguswa tu na najisi, mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Chini ya hapo, tone likiingia yamekwisha. Kwa hiyo kujua kullatain ni kiasi gani ni jambo la kila siku kwa msikiti wenye birika. Kwa uzito wanasema ratili 500 za Baghdad, takriban. Kwa vipimo: chombo cha mraba chenye dhiraa moja na robo urefu, moja na robo upana, moja na robo kina. Na dhiraa ya nani? Vitabu vinajibu: ya mtu wa wastani. Haisemwi ya mfalme wala ya muuzaji. Wala haisemwi fimbo iliyofungiwa Bungeni ikisubiri moto. Mtu wa kati, ambaye kila mji unaye.

Lakini tazama uchungu wa dhiraa ikipanda mara tatu. Ukichukua dhiraa ya sentimita 48, kama wengi wanavyofanya sasa, kila upande wa chombo ni sentimita 60, na ujazo ni lita 216. Ukichukua nusu yadi kamili, sentimita 45.72, kila upande ni 57.15 na ujazo unashuka hadi lita 186 na ushee. Sentimita mbili na kidogo kwenye mkono zimezaa tofauti ya lita thelathini, ndoo moja na nusu. Mafundi wa birika wa zamani hawakusumbuka na hilo, walijenga kubwa kuliko inavyotakiwa na kulala usingizi. Ulizia mwaka huu duka la matangi, utakuta mtu anataka tangi dogo la choo cha msikiti na anauliza lita hasa zinazotosha, na hapo ndipo sheikh na muuza matangi wanapokaa kwenye benchi moja na kikokotoo.

Turudi dukani, maana huko ndiko ninakoishi.

Kisheria mambo yamekwisha. Tanzania ina Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, Kenya ina ya kwake, Sura ya 513, na zote mbili zinasimama kwenye mita. Wakala wa Vipimo wanapita, wanakagua fimbo na mizani, wanagonga muhuri. Ila ingia Kariakoo, mtaa wa vitambaa, utasikia yadi na mita na doti na inchi ndani ya sentensi moja. Upana wa kitambaa unatajwa kwa inchi: "hii ni arobaini na tano, ile ni sitini." Urefu unatajwa kwa mita au yadi kutegemea kilikotoka. Kitenge kinakuja kwa yadi tangu kiwandani, hata kile cha Kiholanzi cha Vlisco, kampuni ya Helmond iliyoanza 1846, na ndugu zetu wa Kongo, ambako nguo hiyo ni kikwembe, wanakijua kwa yadi sita na hawataki kusikia kingine. Yadi sita ni mita 5.49. Muuzaji anayekwambia "hii ni mita sita" amekuongezea nusu mita ya maneno.

Tofauti ya yadi na mita ni sentimita 8.56, upana wa kiganja bila gumba na nafasi kidogo. Ni ndogo kiasi kwamba mteja haioni kitambaa kikiwa kimekunjwa, na ni kubwa kiasi kwamba inatosha kujenga ghorofa ukiikusanya miaka ishirini. Kitambaa cha shilingi 10,000 kwa yadi ni shilingi 10,936 kwa mita. Maduka mawili yanayopakana yanaweza kutaja bei ile ile, moja likiwa na fimbo ya yadi, na wewe ukatoka umefurahi kwamba bei ni sawa mtaa mzima. Kwenye kitambaa cha suti hilo ni suala la pesa. Kwenye gauni ni suala la gauni lenyewe: umeambiwa na fundi ulete mita tatu, umeleta yadi tatu, zimepungua sentimita 25 na ushee, na hizo ndizo mkono wa gauni au kola na mkanda wake. Fundi atakwambia hakitoshi. Wewe utamwona mwizi.

Halafu kuna kuvuta. Kitambaa chenye mpira, jezi, baadhi ya satini, muuzaji anakinyoosha kwenye fimbo kama anamvua samaki, anakata, kikirudi kwenye mfuko kimeshapumua na kimepungua inchi mbili kwa kila yadi. Dawa yake ni ile ile ya farasi: kitu kipimwe kikiwa kimetulia. Mwambie akilaze mezani, asikishike ncha zote mbili, na asianze kuhesabu kabla hakijakaa.

Mafundi wengi tumeukimbia ugomvi wa yadi na mita kwa kufanya kila kitu kwa inchi. Futi kamba ya mtaani ina inchi 60 upande mmoja na sentimita 150 upande wa pili, na mwenye macho ataona kwamba hizo hazilingani: inchi 60 ni sentimita 152.4. Kwenye futi kamba ya bei rahisi ukanda unaishia pale pale kwa pande zote mbili, kwa hiyo lazima upande mmoja unadanganya. Jaribu ya kwako sasa hivi. Kama pande zote mbili zinaanzia ncha moja, inchi ya 50 inatakiwa ikae mgongoni mwa sentimita 127. Ikikaa kwingine, usiitupe, itumie ya nyumbani, lakini usiwahi kuanza kupima kifua kwa upande mmoja na kukata kwa mwingine.

Mezani kwangu, kwenye ubao wa kukatia, nimepigilia misumari mitatu ya shaba: wa mwanzo, wa yadi na wa mita. Wateja huuliza ule wa katikati ni wa nini. Anayekuja na mfuko wake na kusema "fundi, nimeleta mita tatu", nakitoa, nakitandaza pale, tunaangalia pamoja kinaishia msumari gani, na hapo ndipo ninapoandika oda.